Wanaume Sabini na Wawili wa Luputa

Kwa miaka thelathini Simone ameshona nguo za arusi hapa mtaa wa Katuba, na hakuna bibi arusi aliyemrudishia hata moja. Ile ya binti yake Keren ndiyo iliyokwama, kwa sababu ya neno moja katika kitabu cha kazi cha marehemu nkambo, babu yake Simone.

Neno hilo alilileta Papa Rigobert, baba mdogo wa Guelord, mchumba wa Keren. Kwa Wakasai hawa, wajukuu wa wanaume walioletwa kwa treni kufanya kazi kampuni, kabla mahari haijapokelewa, wazee hulinganisha vijiji vya mababu. Watu wa kijiji kimoja ni damu moja, hawaoani.

"Kitabu cha nkambo wenu kinasema Luputa. Cha nkambo wetu, Luputa," alisema Rigobert. "Hawa batoto beko bandugu. Imekwisha."

Keren alilia siku tatu. Simone hakulia, alikasirika. Nkambo wake, Tshiamala, alikuwa akisimulia jinsi alivyotembea siku nne kwa miguu mpaka kwenye reli. Luputa ndiko alikopandia treni. Sasa atembee siku nne kutoka Luputa kwenda Luputa?

Akaenda mtaa wa Kenya, kwa mzee Paulin, karani mstaafu aliyeokota madaftari ya misafara ya wafanyakazi siku kampuni yake ya zamani ilipoyatupa jalalani.

"Nawa mikono kwanza, mama," alisema Paulin. "Na usilambe kidole."

Walifungua daftari la msafara wa Tshiamala, Juni 1949. Abiria sabini na wawili: jina, umri, kilo, hali ya meno, kijiji. Wote sabini na wawili: Luputa. Msafara wa Julai ulipandia Mwene-Ditu, na wote waliandikwa Mwene-Ditu.

"Karani alikuwa anaandika kituo," alisema Paulin. "Kuuliza kila muntu kijiji chake, aliona iko kazi mingi."

"Lakini kuhesabu meno yao aliweza!" Simone alinakili majina yote, moja baada ya jingine.

Jumapili alikwenda na Keren kwa Rigobert, akasoma orodha kwa sauti. Rigobert alitazama dari. Kwenye jina la arobaini na moja, mkewe Wivine akatua sinia ya vinywaji.

"Yaya, dada yangu Simone, rudilia ile jina."

"Kazadi Mbuyi. Luputa."

"Ule ni nkambo wangu! Papa Rigobert, basi mi niko dada yako? Batoto saba, na dada yako?"

Guelord, aliyekaa pembeni, alicheka, kisha akajikoholesha.

"Wewe kwenu ni Gandajika," alisema Rigobert. "Kila muntu anajua."

"Karatasi inasema Luputa," alisema Simone. "Ama inasema kweli kwa Keren, kwako inasema bongo, inadanganya?"

Rigobert alijifuta paji la uso. "Bon. Tutaleta mahari Jumamosi, siku ya posho. Kunywa, mama."

"Sinywi. Ulimuita mutoto wangu muntu wa kulala na ndugu yake, mbele ya jamaa yote. Omba musamaha."

"Mimi, muzee, niombe mutoto?"

"Wewe."

Wivine alikunja mikono, akasimama upande wa Simone.

"Keren, unisamehe," Rigobert aliiambia sakafu.

"Sakafu haikukosewa, Papa," alisema Simone. "Muangalie yeye."

Rigobert aliinua macho, akaanza upya.