Mikono ya Mwanahamisi

Mwanahamisi binti Alfani alikuwa fundi cherehani, mjane, mwenye mwili wa kujaza mlango na sauti ya kufika nyumba ya nne. Alizaliwa Kisangani, mji ambao Wabelgiji waliuita Stanleyville na sisi tukawaachia jina lao. Kanzu nyingi zilizoingia msikitini siku ya Idi alizishona yeye. Na kama kuna kitu alichokipenda kuliko cherehani, basi ni mgeni. Mgeni akipiga hodi, chungu kilikuwa motoni kabla hajaulizwa katoka wapi.

Mwisho wa Julai 1964 akapata mgeni wa kweli. Yakubu, mtoto wa marehemu dada yake aliyeolewa Usumbura, Burundi, alishuka kwenye ndege pale uwanja wa Simi-Simi amevaa suti ya kijivu, miwani ya jua usoni na kamera shingoni. Alikuwa karani, kapewa likizo ya wiki mbili, na amekuja kutembea. Ndiyo, kutembea! Waasi walikuwa wanaukaribia mji, wenye uwezo wanagombania viti vya kuondoka na ndege hiyohiyo, na yeye anashuka akitabasamu. Mkononi alikuwa na barua ya baba yake. "Shemeji, nimebaki na huyu tu," iliandikwa. "Nirudishie mzima." Mwanahamisi aliisoma mara mbili, akaikunja, akaenda kuponda lituma, ndizi na mihogo pamoja, ya kuwatosha watu sita.

Siku chache tu zikapita, waasi wakaingia. Walijiita Simba. Walipita barabarani wakiimba, majani kichwani, ngozi za wanyama mabegani, na wanajeshi wa serikali wakatimua mbio. Ndege zikakoma. Yakubu alikuwa dirishani anapiga picha mpaka mama yake mdogo akamvuta kwa kola. Lakini tusimwonee kijana wa watu. Mwanahamisi naye moyo ulikuwa unamdunda kwa raha. Miaka minne tangu uhuru alikuwa akizisikia habari kubwa redioni tu, na sasa zinapita mlangoni kwake kwa miguu.

Simba mmoja alimletea suruali ya kupunguza. Alipomaliza, Mwanahamisi akanyoosha mkono kumpa. Yule mtu akaruka nyuma kama aliyeona nyoka.

"Weka chini, mama! Usiniguse!"

Akamweleza, kwa adabu kabisa, kwamba munganga wao amewachanja na kuwapa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Ila dawa ina masharti. Usigeuke nyuma vitani. Usiguswe na mtu asiyechanjwa, na hasa hasa usiguswe na mwanamke, maana ukiguswa tu, dawa imekufa. Akaokota suruali yake sakafuni, akashukuru, akaenda zake. Mwanahamisi alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Siku ya sita ya kujifungia ndani, Yakubu alisema kinyonge, "Mama mudogo, basi nitarudia bila kuona maporomoko?"

Alimpatia pabaya. Majirani walisema bakini ndani, walisema kuna vizuizi, walisema mtu aliyevaa tai tu anakamatwa. Mwanahamisi hakusikia la mtu.

"Mutu atoke Usumbura, arudie bila kuona Wagenia? Ah non! Vua ile tai, twende."

Wakatoka asubuhi kwa miguu. Na wallahi ilifaa! Wagenia, wavuvi wa maporomoko hayo, walikuwa kazini kama vile duniani hakuna serikali wala waasi. Walitembea juu ya magogo waliyoyasimika ndani ya mkondo, maji yakinguruma chini ya nyayo zao, wakivuta mitego mikubwa ya kusukwa yenye samaki wanaopigapiga mikia. Yakubu alipiga picha mpaka filamu ikaisha. Mwanahamisi hakuwa amefika pale tangu utotoni, kazi haikumruhusu, na alipiga kelele kumshinda mgeni wake. Alilowa mpaka kiunoni. Alifurahi, alifurahi kweli, na ndiyo maana wakati wa kurudi alijisahau, wakapita njia kubwa.

Kwenye njia kubwa palikuwa na gogo limelazwa, lori pembeni, na Simba saba wenye mikuki na bunduki mbili. Mkubwa wao aliitazama kamera, kisha paspoti.

"Burundi. Unakuja huku kufanya nini?"

"Kutembea tu, papa."

"Kutembea? Mutu ya akili anakuja kutembea mu vita? Espion! Unapigia Wamerika picha!"

Wakamkalisha chini kwa ncha za mikuki, wakamwamuru avue koti na mkanda, wakamfunga mikono kwa mkanda huohuo bila kumgusa. Mkubwa akasema apakiwe kwenye lori. Mwanahamisi alijua, na kila mtu mjini alijua, kwamba waliopakiwa kwenye lori kwa kuitwa espion, yaani jasusi, hawakuwa wakirudi. Barua ya shemeji ikamjia yote, neno kwa neno. Yeye ndiye aliyemtoa mtoto ndani. Yeye!

Hapo akavua viatu, akapiga vigelegele, akatanua mikono yote miwili na kuwaendea.

"Simba zetu! Watoto yangu! Mumetuletea uhuru ya kweli! Mama awakumbatie, moja moja!"

Ungewaona! Wanaume saba wenye silaha walirudi nyuma kwa pamoja. "Mama, simama! Usituguse!" Yeye hasikii, anazidi kulia kwa furaha, huku pindo la kitenge kilicholowa likimfagilia njia. Akimwendea wa kulia, wa kulia anaruka mtaro. Akigeukia kushoto, kushoto panabaki wazi. Hakuna aliyethubutu kumpiga risasi mama anayewashangilia. Mwisho akasimama katikati, Yakubu nyuma yake, akashusha sauti.

"Alors, chef, chagua. Unipe mutoto yangu, ao nikukumbatie."

Mmoja wao akaangua kicheko, akajiziba mdomo. "Beba mutu yako!" mkubwa akafoka. "Kamera inabaki!" Mwanahamisi akamfungua Yakubu, ambaye mwezi uliofuata angefika mpakani kwa lori la chumvi na kwao salama.

Kwa furaha aligeuka haraka mno, bila kutazama. Nyuma yake alikuwepo Simba mmoja aliyekwama kati yake na lori, jitu la miaka thelathini na kitu, lenye ndevu. Akamgonga kifua kwa kifua.

Kicheko kikakatika. Yule mtu alijitazama mikono, akavua majani kichwani taratibu.

"Mama, umeniuwa."

Wenzake walikuwa tayari wanapanda lori, na hakuna aliyetaka kukaa karibu naye. "Lambert, weye haupandi," mkubwa akasema bila kumtazama. "Urudie kwa munganga." Lori likaondoka na vumbi lake. Wakabaki watatu njiani, Lambert akiwa na mkuki tu.

Mwanahamisi aliona haya. Tangu asubuhi alikuwa ameuchukua mji wote kama tamasha lake, na dawa ya hawa watu kama kichekesho. Sasa mtu mzima alikuwa anatetemeka mbele yake kwa sababu yake.

"Unisamehe, papa," akasema. "Sikukusudia weye."

Lambert akaulaza mkuki chini.

"Miezi mitatu mutu hajanigusa," akasema. "Hata kunipa mukono. Sasa imekwisha kuharibika, mama. Basi unikumbatie vizuri."

Akamkumbatia, pale pale katikati ya njia, na hakumwachia mpaka alipoacha kutetemeka.