Ufunguo Ambao Haukuwa Kwenye Kanda

Jumamosi, tarehe 18 Januari 2014, Manitowoc, Wisconsin. Baridi ilikuwa nyuzi nne chini ya sifuri kwa kipimo chetu cha Farenhaiti, upepo ukitoka ziwani na theluji kavu ikipeperuka barabarani kama unga. Mkutano wa chama chetu ulianza saa nane mchana katika chumba cha chini cha maktaba. Tulihudhuria watu wanane. Mmoja wao alikuwa Delbert Hruska, na habari zake ndizo ninazoziandika hapa.

Del alikuwa na miaka sitini na mbili, mjane, msomaji mstaafu wa mita za maji. Kwa miaka thelathini aliingia kwenye vyumba vya chini vya nyumba za watu, akasoma namba, akaziandika, akatoka bila kugusa kitu. Katika miaka yote hiyo hakuna namba yake hata moja iliyopingwa. Kazi hiyo ilimfanya aamini kwamba kilichoandikwa na yeye ndicho kilichopo.

Jambo la pili lililomfanya ajulikane mjini ni Wapima Anga. Hiyo ni tamthilia ya televisheni ya mwaka 1972 hadi 1974, kuhusu meli inayozunguka angani kupima mipaka ya sayari ambazo bado hazina wenyewe. Ilikuwa na misimu mitatu, kisha ikafutwa. Chama chetu huitazama upya kila majira ya baridi, msimu mmoja kwa mwaka, kisha tunaanza tena. Msimu wa kwanza tunautazama kwa heshima, wa pili kwa raha, na wa tatu kwa ajili ya kukasirika. Mahudhurio huwa mazuri zaidi mwaka wa msimu wa tatu.

Del alikuwa Mhifadhi wa Daftari la Makosa. Alikaa mbele, kando ya televisheni, na kengele ndogo ya mezani kama ile ya mapokezi hotelini. Kila kosa la watengenezaji lilipofika, alipiga kengele. Kanda ilisimamishwa, yeye akasoma namba ya kosa na maelezo yake, na sisi tukaitikia kwa pamoja, "Imeandikwa." Msimu wa tatu pekee ulikuwa na makosa mia mbili na kumi na manne. Sehemu moja ya dakika hamsini ilituchukua saa mbili na nusu, na hakuna aliyelalamika.

Kosa namba 31 ndilo lililokuwa mashuhuri kuliko yote. Katika sehemu ya sita, Kapteni Strand amefungiwa nje ya ghala la meli. Mara anaonekana ameshika ufunguo, anafungua, anaingia. Ufunguo kaupata wapi? Del aliandika kurasa nne kuhusu jambo hilo.

Mwaka 1986 mwanachama mmoja alilijibu swali hilo. Aliitwa Marlys Teske, fundi wa kurekebisha nguo za harusi, na ndiye aliyeanzisha chama pamoja na Del miaka mitano kabla. Marlys alikuwa ameiona tamthilia hiyo ilipoonyeshwa mara ya kwanza kabisa, akiwa na miaka kumi na mitano, sebuleni kwa bibi yake. Del hakuiona wakati ule kwa sababu alikuwa zamu ya jioni kwenye kiwanda cha sufuria. Yeye aliikuta iliporudiwa miaka ya baadaye na kituo kimoja kidogo cha huku kwetu, na huko ndiko alikoirekodi kwenye kanda.

Marlys alisema, "Mpishi ndiye aliyempa. Alikuwa anamenya viazi vya bluu. Akavua ufunguo shingoni, akamwambia aurudishe kabla ya chakula cha jioni."

Walitazama kanda. Hakukuwa na mpishi. Walitazama tena. Wakacheka, hasa kwa sababu ya vile viazi.

Marlys hakubadilisha maneno. Wiki iliyofuata Del alitoa jarida la chama, na ukurasa wa kwanza ulikuwa na kichwa kuhusu viazi vya Marlys, pamoja na mchoro. Kisha akaandika Kanuni ya Saba, ikapitishwa: Kisichoonekana kwenye kanda hakikutokea. Marlys alirudisha funguo za chumba, akaaga kila mtu kwa jina, akaondoka.

Tangu hapo, mwanachama akikumbuka kitu vibaya aliambiwa anatuletea viazi vya Marlys. Msemo ulitoka nje ya chama, ukaingia kwenye baa inayouza samaki wa kukaanga siku za Ijumaa, ukafika posta. Marlys mwenyewe aliwahi kuusikia posta, kutoka kwa karani mgeni ambaye hakujua kwamba Marlys ni mtu, achilia mbali kwamba ndiye aliyekuwa mbele yake akinunua stempu.

Na bado yeye na Del walisalimiana vizuri kila walipokutana. Mke wa Del alipofariki, Marlys alipeleka bakuli kubwa la tambi za kuoka na samaki. Del alilirudisha limeoshwa. Hayo mengine hayakutajwa na yeyote kati yao. Huku kwetu watu wanaweza kuishi hivyo mpaka kaburini, na wengi hufanya hivyo.

Sasa nirudi kwenye ile Jumamosi. Tulikuwa kwenye msimu wa tatu, sehemu ya sita. Mwenyekiti wetu, Vern Kopecky, mwalimu mstaafu wa ufundi wa mbao, alitia kanda kwenye deki. Deki ikakoroma, ikaitafuna. Vern akaingiza penseli kuiokoa, ikatoka mita mbili za utepe zilizokunjamana.

"Basi turudi nyumbani," mtu mmoja akasema, lakini hakuna aliyesimama, maana kulikuwa na keki za limau ambazo bado hazijakatwa.

Del akakumbuka kwamba ana diski kwenye gari. Binti yake alimpa msimu mzima kama zawadi ya Krismasi, na alikuwa bado hajafungua ile plastiki. Alikuwa na kanda zake, angezifungulia nini? Akaenda kuzileta. Maktaba ina mashine ya diski. Tukaanza.

Picha ilikuwa safi mno. Vern alisema inaumiza macho. Makosa namba 26 hadi 30 yalipita salama, kengele ikalia, tukaitikia. Kapteni akafika kwenye mlango wa ghala, akauvuta, haukufunguka. Del akainua mkono juu ya kengele.

Badala ya ghala, tukaona jiko la meli. Mwanamke mzee alikuwa amekaa juu ya kreti, akimenya viazi. Kapteni akakaa karibu naye. Mwanamke akafuta mikono kwenye aproni, akavua ufunguo shingoni, akampa. "Uurudishe kabla ya chakula cha jioni," akasema.

Viazi vilikuwa vya bluu.

"Piga kengele, Del," Vern akanong'ona.

"Nipigie nini? Ufunguo huo hapo."

"Piga tu, tusimamishe."

Del hakupiga. Mtu mwingine akaokota rimoti akasimamisha. Mpishi akabaki kwenye kioo ameshika kisu.

Kwenye boksi la diski kulikuwa na maandishi madogo ambayo Del aliyasoma kwa sauti: kila sehemu imerudishwa urefu wake wa awali, pamoja na dakika nane zilizokuwa zikikatwa na vituo vidogo ili kupata nafasi ya matangazo. Wote tuliyakumbuka matangazo ya kituo chetu. Yalikuwa ya duka la samani na ya matrekta. Kwa zaidi ya miaka ishirini na minane tulikuwa tumewalaumu waandishi wa tamthilia kwa kazi ya mtu mmoja mwenye mkasi, hapa hapa Wisconsin.

"Dakika nane kila sehemu," Del akasema. "Sehemu ishirini na mbili. Vern, sijui ni makosa mangapi yatabaki."

"Yote yatabaki."

"Hili limekwisha. Unaliona kwa macho yako."

"Ninachokiona ni tamthilia nyingine inayofanana na yetu," Vern akasema. "Sisi ni chama cha kanda, bwana. Kanuni ya Saba uliiandika wewe, tena kwa mwandiko mzuri."

"Marlys alikuwa sahihi."

"Sijasema hakuwa sahihi. Nasema haikutokea." Vern akakata keki. "Fikiri, Del. Tukikubali hii, maana yake tumekosea miaka ishirini na minane."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo haiwezekani."

Hoja hiyo iliwaridhisha wengi. Vern akaitisha kura: je, chama kinautambua ufunguo wa mpishi? Walioinua mikono kukataa walikuwa sita. Del hakuinua mkono upande wowote, nami kama karani sina kura. Vern akamkumbusha Del kwa upole, huku akimpa kipande cha keki, kwamba daftari ni mali ya chama, na Mhifadhi akitangaza sahihisho ambalo halikupitishwa kwa kura anapaswa kulikabidhi siku hiyo hiyo. Kanuni ya Tisa. Hiyo pia aliiandika Del.

"Naijua," Del akasema.

Mke alikuwa amefariki, mita alikuwa ameacha kuzisoma, binti anaishi Arizona. Ukiondoa lile daftari, Jumamosi za Del hazikuwa na kitu. Kila mmoja mle chumbani alilijua hilo, na ndiyo maana hakuna aliyemtazama usoni. Tuliaga mlangoni kwa dakika arobaini kama kawaida, tukizungumzia barabara.

Asubuhi ya Jumapili, saa mbili na nusu, Del alikwenda kwa Marlys. Yaliyosemwa huko nimeyapata kwake na kwa Marlys pia, na hayatofautiani. Marlys alikuwa nje akikwangua barafu kwenye kioo cha gari ili aende kanisani.

"Habari za asubuhi, Marlys."

"Nzuri, Del. Baridi."

"Baridi kweli. Wamesema kesho itapungua."

"Walisema hivyo na juzi."

Kisha Del akasema, "Jana tumeviona viazi."

Marlys aliendelea kukwangua. "Vya bluu?"

"Vya bluu."

"Na kamba ya ufunguo?"

"Nyekundu."

"Haya." Akahamia kioo cha nyuma. "Wenzako wanasemaje?"

"Wamepiga kura. Viazi havipo."

Hapo Marlys aliacha kukwangua, akacheka mpaka ikabidi aegemee gari. "Wangapi?"

"Sita."

"Vern naye?"

"Vern ndiye aliyetoa hoja."

"Vern huyu huyu. Nilimshonea suruali ya harusi yake, ikapasuka kwa sababu hakutaka nimpime, alisema anajijua kiuno." Akajifuta macho kwa glavu. "Bila shaka mmeviona kwenye diski; nami ninazo, Del. Nilizinunua zilipotoka, miaka tisa iliyopita. Nikatazama sehemu ya sita mara moja tu, nikaona kwamba sina wazimu, nikaziweka kabatini."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenijibu nini?"

Del alifikiri. Ni mtu mkweli anapoulizwa swali la wazi. "Ningekusomea Kanuni ya Saba."

"Basi."

"Nimekuja kukuomba radhi, Marlys."

"Naona. Asante kwa kutoka kwenye baridi yote hii. Lakini hukunitangaza hapa kwenye gari, bwana wewe. Ulinitangaza kwenye jarida, ukurasa wa kwanza, na ukachora viazi."

"Nilichora vitatu."

"Vinne."

Del hakubisha. Alimshikia mlango wa gari, akamwangalia anavyorudi nyuma hadi barabarani, kisha akaenda nyumbani kwake, akawasha kompyuta.

Aliandika toleo la ukurasa mmoja. Lilisema kwamba kosa namba 31 la msimu wa tatu si kosa. Mpishi alimpa Kapteni ufunguo. Marlys Teske alisema hivyo mwaka 1986, rangi ya viazi ikiwemo, na alisema kweli. Aliyekosea ni Mhifadhi wa Daftari, Delbert Hruska, ambaye hakuwepo. Chini akaongeza kwamba makosa mengine mia mbili na kumi na matatu nayo yasiaminiwe mpaka yakaguliwe upya, na kwamba hatakuwa yeye wa kuyakagua.

Duka la dawa lina mashine ya kutoa nakala, na Jumapili huwa wazi. Alitoa nakala arobaini na tatu, moja kwa kila anayepokea jarida, akazitia kwenye bahasha palepale kaunta na kuziangusha kwenye sanduku la posta lililo nje. Kisha akaendesha gari mpaka kwa Vern, daftari likiwa kwenye kiti cha abiria.

Vern alifungua mlango akiwa na nguo za kulalia. Akalitazama daftari, akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka juu ya friji.

"Kahawa?" akauliza.

"Kidogo tu," Del akasema.

Akanywa vikombe viwili, wakazungumza juu ya barafu ya ziwani, kwamba mwaka huu imewahi, na kabla ya saa tano alikuwa amerudi nyumbani.