Nilikwenda Bagamoyo Kuulizia Ndevu Zangu

Niliondoka Msata nikiwa na hasira, na sitaki mtu adhani nilikwenda kutembea. Jumapili ya kabla ya hapo mchungaji alitakiwa kutangaza ndoa yangu na Tabitha, mwalimu wa chekechea pale kwetu. Akatangaza ndoa za wengine, yetu akairuka. Ibada ilipokwisha, wazee wa kanisa wakaniita chumba cha nyuma. Baba yake Tabitha alikuwa ameketi katikati yao.

"Elisha," mmoja akaanza, "una miaka ishirini na saba. Huna ndevu, sauti yako ya kike, na mwenzetu hapa anaogopa kumwoza binti yake kwa mtoto. Vua tukuone, jambo liishe."

Sikuvua. Nilifungua mlango nikatoka, na sikumuaga hata mmoja.

Mimi ni fundi pancha pale njia panda. Tairi za lori nazibandua peke yangu, lakini wateja wakinipigia simu huniita dada. Wenzangu waliacha kurefuka zamani. Mimi mikono na miguu inaendelea, hata suruali niliyonunua ikiwa ndefu sasa inaishia juu ya kifundo. Mama, kabla hajafariki, alinipeleka kwa mganga wa kienyeji nikachanjwa chale kiunoni. Duka la dawa waliniuzia vidonge vya nguvu vilivyonifanya nitapike tu. Kwenye zahanati moja, ambayo siitaji, yule aliyenipima aliita wenzake waje watazame. Wakatazama. Mmoja alicheka, mwingine akaniambia nimeumbwa hivyo, nikubali.

Tabitha ndiye aliyesikia redioni daktari akieleza utafiti wake wa homoni, kwamba anawapokea Bagamoyo watu wazima ambao miili yao haijabalehe. Akapiga simu, akanitafutia nafasi.

"Usiende kwa ajili ya baba," aliniambia. "Nenda kwa sababu tangu uzaliwe hakuna aliyekujibu."

Jumanne asubuhi nilipanda lori la Kibwana, mteja wangu wa siku nyingi, aliyekuwa anakwenda Bagamoyo. Barabara ni lami tupu siku hizi. Kiwangwa tulisimama, maana Kibwana hapiti pale bila kununua nanasi. Yalikuwa yamepangwa kando ya barabara kama matofali.

"Fundi, unaisikia harufu hiyo?" akaniuliza, akivuta pumzi mpaka kifua kikajaa. "Hata ukinifunga macho nitajua hapa ni Kiwangwa."

Nikamjibu naisikia. Maisha yangu yote nimejibu hivyo. Nilidhani harufu ni jambo ambalo watu hulisema tu, kama vile wanavyosema wamejisikia vizuri ibadani.

Mchana tulivuka mto Ruvu, na kabla ya alasiri nilikuwa Bagamoyo, mtaa wa Mji Mkongwe, nikibisha hodi kwa Bi Zuhura. Marehemu mume wake aliendesha malori pamoja na marehemu baba yangu.

"Karibu, mwanangu. Dada yako yuko wapi?"

"Shikamoo, bibi. Dada yupi?"

"Marahaba. Yule niliyezungumza naye kwenye simu. Nimemtandikia chumbani kwa wajukuu zangu wa kike."

"Ni mimi, bibi."

Akaniangalia toka miguuni, na safari ya kufika usoni ilikuwa ndefu. "Astaghfirullah. Nisamehe, baba. Basi utalala sebuleni. Nawa mikono ule kwanza."

Nilikula wali na samaki, na kila tonge nililimeza kwa hasira. Yeye hakunikosea kitu.

Jumatano asubuhi nilikwenda kliniki. Dakta Salome ni mwanamke wa makamo, mfupi, anayezungumza polepole. Alifunga mlango, akaniuliza kama naridhia kupimwa, na kila alipotaka kunigusa aliniomba kwanza. Sikuwa nimezoea. Alipomaliza aliniambia nivae, kisha akaweka mezani vichupa vitatu, akaniambia nifumbe macho ninuse.

"Hiki kina nini?"

"Sijui."

"Na hiki?"

"Sijui."

"Na hiki cha mwisho?"

"Daktari, maji matupu hayo."

"Fumbua macho. Kahawa, karafuu, mafuta ya taa."

Akauliza kama nimewahi kusikia harufu yoyote, na kwa mara ya kwanza nilisema kweli: sijawahi.

Alivuta kiti karibu, akanieleza. Mtoto akiwa tumboni, alisema, zipo chembe chache zinazoanzia puani, zinafuata njia ya mishipa ya harufu hadi ndani ya ubongo. Zikishafika hukaa kimya miaka mingi, kisha wakati wa kubalehe huanza kutoa amri. Amri hiyo hupokelewa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo tezi hutuma homoni kwenye korodani, na korodani hutoa homoni ya kiume: sauti inakuwa nzito, ndevu zinaota, na mifupa inaambiwa sasa imetosha, acha kurefuka.

"Zako hazikufika," akasema. "Njia ya harufu haikujengeka, kwa hiyo hazikuwa na pa kupita. Ndiyo maana hunusi, ndiyo maana hujabalehe, ndiyo maana mikono yako bado inarefuka. Korodani zipo. Hazijawahi kupewa amri."

"Dawa ipo?"

"Ipo. Sindano ya homoni, kila baada ya wiki chache. Ukitaka kuzaa kuna sindano nyingine, za muda mrefu zaidi, hizo mpaka Dar es Salaam. Wengi hufanikiwa, si wote."

"Mmeijua lini hali hii?"

Angeweza kunidanganya. "Kabla hujazaliwa," alisema.

Hapo nilisimama. Nilipiga kelele, na nikikasirika sauti yangu hupanda ikawa kama ya msichana anayelia, jambo linalonizidishia hasira. Nilimwambia habari za chale na za vidonge. Nilimwambia habari za waliocheka. Nikamuuliza hao waliosomea udaktari walisomea nini, kama swali la kahawa na karafuu tu limewashinda. Hakujitetea. Nilipotulia kidogo akasema anaomba damu yangu kwa ajili ya utafiti, kutafuta kasoro kwenye vinasaba.

"Sindano nitachomwa leo?"

"Utafiti wetu hautoi matibabu. Ni kuchunguza tu. Nitakuandikia rufaa."

"Kwa hiyo mnachukua damu, mnaondoka, na mimi nabaki na sauti yangu."

Nikachukua kofia yangu. Damu sikutoa.

Alhamisi Bi Zuhura aliniona nimekaa barazani nimenuna tangu alfajiri. "Hasira hizo zitanikaushia kisima," alisema. "Nenda na mkwe wangu kwenye samaki, upigwe na upepo."

Mkwe wake, Hamisi, ana mabwawa ya perege upande wa Mbegani. Aliniongoza hadi kwenye matangi ya vifaranga, samaki wadogo kama punje za mchele, akawa anawanyunyizia unga.

"Hao nawalisha chakula chenye homoni ya kiume," alieleza kwa fahari. "Wiki chache tu, wote wanakuwa madume. Majike yakianza kuzaa bwawani hayakui. Madume matupu yananenepa haraka."

"Homoni ya kiume?"

"Eeh. Inaagizwa kwa wataalamu, tunachanganya na unga. Kazi rahisi."

Nilishika ukingo wa tangi. "Hamisi, samaki hawa mliwavua nguo kwanza?"

"Unasemaje?"

Nikamweleza yote, mimi nisiyemjua sana, nikiwa nimesimama kwenye matope. Homoni ambayo mwili wangu umeikosa miaka yote hiyo, ndugu zangu, inamwagwa kwenye tangi pale Mbegani kwa kijiko. Kifaranga asiye na jina anapata udume ili akaangwe vizuri. Mimi niliyebatizwa naambiwa nimeumbwa hivyo, nikubali.

Hamisi alisikiliza hadi mwisho. Hakucheka. Aliweka chini bakuli la unga. "Huyo daktari bado yuko kliniki?"

"Yuko."

"Basi panda pikipiki."

Adhuhuri ile ile nilikuwa mbele ya Dakta Salome tena, Hamisi akiningoja nje. Sikupiga kelele safari hii. Nilimwambia: "Mbegani kuna samaki wanaopewa homoni hii kila siku. Utafiti wako na uwe na kanuni zake, lakini wewe ni daktari na mimi ni mgonjwa. Nianzishie dawa hapa hapa. Damu nitatoa, na majibu yake nirudishiwe mimi, si yaishie kwenye vitabu vyenu."

"Majibu nakuahidi," alisema. "Na dawa una haki. Jana nilikujibu kama mtafiti. Nilipaswa kukujibu kama daktari." Akaandika, akapiga simu, na jioni hiyo sindano ikapatikana mjini. Alinichoma mwenyewe baada ya kukagua damu, akanifundisha dalili za kuangalia na siku ya kurudi. Nilitembea hadi kwa Bi Zuhura nikiwa na maumivu ya tako, na nilitamani yasipungue.

Ijumaa nilirudi Msata. Jumapili wazee waliniita tena, na Tabitha akaingia nami bila kuitwa.

"Umepata karatasi ya hospitali?" aliuliza yule mzee aliyetaka nivue.

"Ninayo, na siitoi. Ugonjwa wangu unajulikana na una dawa, nimeanza kuitumia. Na anayetaka kunivua aanze kuvua yeye."

Baba yake Tabitha alikohoa. "Utazaa?"

"Huenda, huenda nisizae. Tabitha anajua."

"Najua," Tabitha alisema. "Na ninamtaka. Kama hamtangazi hapa, tutaandikishana ndoa wilayani."

Jumapili iliyofuata ndoa yetu ikatangazwa. Hakuna aliyeniomba radhi, na mimi sijawasamehe. Sauti ilianza kukwaruza baada ya miezi kadhaa, kisha ikashuka. Ndevu ni chache, nazinyoa hata hivyo. Ya kuzaa tunayahangaikia Dar es Salaam, bado hatujui. Nilichojifunza ni kwamba kutojibiwa si sawa na kukosa jibu. Jibu lilikuwepo wakati wote, na waliotakiwa kunipa waliona rahisi zaidi kucheka.

Mwezi uliopita alikuja mtu kijiweni kwangu kutoka upande wa Lugoba. Mrefu, mikono kama makasia, nywele zimeanza mvi, kidevu laini. Alikaa kwenye tairi bovu mpaka wateja wote walipoondoka, ndipo akauliza kwa sauti nyembamba kama kweli Bagamoyo kuna daktari. Nikamwambia yupo. Nikamwambia pia hali hii inajulikana tangu kabla sijazaliwa.

Alihesabu kidogo kichwani. "Basi wakati huo mimi nilikuwa bado kijana," alisema, akafunika uso kwa viganja.

Nilizima kompresa, nikafunga kijiwe saa nne ya asubuhi, nikampeleka Bagamoyo mwenyewe.