Dhokla Nyekundu ya Mama Mkwe

Nichekeni sasa hivi mmalize, maana nikishaanza sitaki mtu anikatize. Mimi Chacha, fundi umeme ambaye nusu ya nyumba za mtaa wetu hapa Tarime nimezifunga nyaya kwa mikono yangu, niliwahi kusimama uani kwangu mchana kweupe, mbele ya akina mama wa kwaya, nikiwa na kaptula ya kulalia, nimemshika mama mkwe wangu mkono. Mkono kabisa, kiganja kwa kiganja. Wakurya wenzangu mmeshaelewa, na ninyi wengine vumilieni kidogo, nitawafikisha.

Mke wangu Rhobi alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, Bhoke, na mama yake alikuwa anakuja kutoka Kisaka kumwona mjukuu. Sasa mama huyu anashika mila zile zenyewe. Mkwe wa kiume hampi mkono, hamtazami usoni, hasemi naye moja kwa moja, wakikutana njiani mmoja anapisha kwa kuingia porini (ni mimi ninayeingia kila mara, miiba ya Kisaka inanijua), na chakula cha nyumba ya mkwe hakigusi. Alituma salamu mapema kwamba atakuja, atambeba mtoto, na viazi vyake vya kula atakuja navyo kikapuni.

Rhobi aliposikia hivyo alilia. "Baba Bhoke," akaniambia, "yaani mama yangu mzazi atakaa kwangu kama amekuja kuangalia mgonjwa? Hata chai?"

Nikamwambia hata chai. Akageukia ukutani akawa ananyonyesha, na kule kunigeuzia mgongo kuliniuma, kwa sababu nampenda mke wangu na nilikuwa nimezoea kwamba kitu kikiharibika ndani ya nyumba mimi ndiye ninayekitengeneza.

Basi nikakaa nikafikiri, na hapo ndipo nilipojiharibia. Nilijiambia hivi: mila inakataza ugali wa mkwe, nyama ya mkwe, maziwa ya mkwe. Je, kuna mzee yeyote, tangu dunia iumbwe, aliyewahi kukataza dhokla? Hakuna! Hawaijui! (Nilijiona wakili.) Dhokla mimi niliijua Mwanza, nilipofanya kazi ya umeme kwa familia moja ya Kihindi. Ni kitafunwa chao cha unga wa dengu, cha njano, laini kama sponji, kina chumvi na ndimu na mbegu za haradali juu, na yule mama mwenye nyumba alikuwa anakipika kwenye maikrowevu muda wa kunywa chai tu kikawa tayari. Tulipomaliza kazi akanipa ile maikrowevu yake ya zamani, nikaja nayo Tarime, na mpaka siku hiyo kazi yake ilikuwa kupasha maji ya kuoga mtoto. Nikasema mama mkwe meno yake yamepungua, kitu laini kitamfaa, na kwa kuwa si chakula chetu hatakuwa amevunja mila yoyote. Rhobi sikumwambia. Nilitaka iwe zawadi.

Nikafungua simu, nikampata mama mmoja wa Dar anayefundisha mapishi. Unga wa dengu, sawa. Mtindi, sawa, huo tunao wa kumwaga. Manjano, ndimu, chumvi. Kisha akasema, "Mwisho unaweka magadi soda, kijiko kimoja cha chai." Mimi nikasikia magadi. Hiyo soda iliyofuata wala sikuijali, nikadhani ni namna watu wa Dar wanavyorembesha maneno. Nikaenda dukani.

"Nipe magadi."

"Ya mboga au ya ng'ombe?" muuza duka akauliza.

"Yaliyo makali," nikasema, kwa kujiamini kabisa.

Akanipa mabonge ya kijivu, yale yale mnayoyajua, ya kulainishia kunde na kulambisha mifugo. Nikayatwanga.

Mama mkwe alifika mapema kuliko nilivyotegemea, akiongozana na jirani yetu Mama Nchagwa na akina mama wa kwaya waliokuja kumpongeza Rhobi. Mimi nilikuwa jikoni nimejifunga kanga ya mke wangu juu ya kaptula, mikono yote ya njano kwa kukoroga unga kwa vidole. Nikatoa shikamoo nikiwa nyuma ya mlango. "Marahaba," akajibu, akiuambia ukuta wa upande wa pili, kisha akasema, "Rhobi, mwambie mwenye nyumba nimefika salama." Rhobi akaja mlangoni akaniambia kafika salama. Wanakwaya wakabaki uani na Rhobi na mtoto, na mama, kwa sababu ya goti lake bovu, akakaa mkekani sebuleni, kikapu cha viazi kiko pembeni.

Nikamimina magadi.

Jamani. Ule unga ulikuwa wa njano, na mbele ya macho yangu ukageuka mwekundu! Mwekundu wa damu ya ng'ombe aliyechinjwa sasa hivi. Nikaongeza manjano ili urudi, ukazidi kuiva wekundu. Sikujua kwamba manjano na magadi yakikutana ndivyo yanavyofanya. Mtu mwenye akili angemwaga, lakini niliwaza lile goti bovu lililosafiri kutoka Kisaka kuja kula viazi vya baridi, nikasema moto utarekebisha. Bakuli la kioo sikuwa nalo. Nikachukua sahani ya bati yenye maua. Fundi umeme mimi! Najua bati haliingii kwenye maikrowevu, nawaonya wateja kila siku, ila nikajishawishi kwamba ile rangi ya maua itazuia. Nikabonyeza.

Kwanza ilikuwa cheche moja, ya bluu. Kisha zikawa nyingi, mle ndani pakawaka na kulia pa-pa-pa, ukafuata mlipuko mmoja, taa zikazima nyumba nzima na moshi ukatoka. Nikapiga kelele, "Moto! Tokeni nje!" Nikakimbilia sebuleni, nikamkuta mama mkwe anajaribu kuinuka na goti limemkatalia. Hapo mila sikuiwaza. Nikamshika mkono, nikamnyanyua, nikatoka naye mbio hadi uani.

Uani hapakuwa na moto wowote. Palikuwa na akina mama wote wamesimama, wanatutazama. Kanga ikachagua dakika hiyo kudondoka.

"Mura," Mama Nchagwa akasema polepole, "we kijana, umemshika mkweo?"

Nikaachia kama nimeshika waya ulio hai. Rhobi akajifunika uso kwa kitambaa cha mtoto. Kwenye mkono wa mama mkwe kulikuwa na vidole vyangu, vyote, vimechorwa kwa manjano. Mama Nchagwa akakimbilia maji na sabuni ya mche, akaanza kumsugua haraka, nadhani alitaka kuifuta dhambi kabla haijakauka. Na sabuni ile ilipogusa manjano, ile alama ikawa nyekundu kama ule unga. Wanakwaya wakasema "Iiii!" kwa sauti zote nne. Mama Nchagwa akasugua tena, ikakolea. Nilitamani Mungu anichukue na kaptula yangu.

Mama mkwe akaunyanyua mkono wake, akaugeuza huku na huku. Akaniangalia. Mimi, usoni, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Acheni kusugua," akasema. "Imekataa kutoka." Mabega yakaanza kumtikisika, na mimi nikadhani analia, kumbe ni kicheko. "Mkwe wangu, umeshanishika mbele ya kanisa zima, na nguo umeshavua. Sasa kimebaki nini cha kuogopana? Mbuzi wangu wa faini ya kunigusa utamleta, tena awe mwekundu. Rhobi, mama, una ugali humu ndani, au mnakula moshi tu?"

Rhobi alisonga ule ugali huku machozi yanamtiririka, na sikuwa na haja ya kuuliza ni ya nini. Mama alikula kwa mtindi uliobaki. Ile dhokla iliyonusurika kwenye sahani alimega kidogo akaitema, akasema hata ng'ombe wa Kisaka wangekataa.

Mbuzi nilipeleka. Maikrowevu imekufa. Na mimi nimeapa, bati halitaingia tena kwenye mashine yoyote mikononi mwangu, dhokla nitaila Mwanza kwa waliozaliwa nayo, na mtu wa Dar akisema maneno mawili nitayasikiliza yote mawili.

Juzi mama mkwe kaja tena. Nilichungulia kikapu chake, kilikuwa na ndizi za mjukuu tu, viazi hakuna. Nilikuwa nimeshajibanza nyuma ya mlango kama kawaida yangu, nikasikia ananiita, na nilipotoka nikamkuta ameunyoosha mkono. Nikaufuta wangu kwanza kwenye suruali.