Nadhiri ya Rahabu na Miaka Mitano Mingine

Rahabu wa Kinyangiri hakuwa mwanamke wa kuogopaogopa. Fisi akisumbua zizini, yeye ndiye aliyetoka na rungu, Simeoni mumewe akimfuata nyuma na tochi. Lakini kidonge kimoja cheupe, hata punje ya mahindi inakizidi, kilimshinda. Aliogopa kukimeza, kisha akaogopa zaidi kuacha kukimeza.

Alipokuwa na miaka arobaini na mitatu aligundua uvimbe kwenye titi la kushoto. Kule Dodoma walilitoa titi, wakatoa na tezi za kwapani maana saratani ilikuwa imeshafika huko. Wakamtundikia dripu zilizomnyonyoa nywele zote. Mwisho wakampa tamoksifeni, kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano, kuzuia homoni ya kike isiyalishe masalia ya ugonjwa kama yapo. Basi akameza. Joto lilimpanda kifuani mpaka usoni akiwa katikati ya kupalilia alizeti, akatupa kitenge huko, wenzake wakamcheka, naye akacheka nao. Akameza tu.

Akaweka nadhiri: siku ya kumaliza dawa atatoa beberu wa shukrani kanisani, na atasimama mbele ya usharika aseme amemaliza. Kwetu huku nadhiri ikishatamkwa si yako tena, ni ya kijiji kizima. Na kosa lake lilikuwa hapo. Aliitangaza kabla ya kwenda kliniki ya mwisho. Mzee Gabrieli, katibu wa usharika, akaisoma kwenye matangazo, ndugu wa kijiji cha Ulemo wakaalikwa, beberu akafungwa uani anenepe.

Ndipo akaenda Dodoma.

"Shikamoo, mama," alisema Daktari Amne, binti mdogo tu, rika la Joyce, binti yake.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuwaaga."

Daktari hakucheka. Alifunga faili. "Mama, kuna wagonjwa ambao miaka mitano inawatosha. Wewe ilikuwa imeshafika kwenye tezi. Ningependa tuzungumzie miaka kumi."

Rahabu akamkatiza. "Imerudi?"

"Haijarudi. Vipimo ni vizuri. Ila ugonjwa huu unaweza kurudi hata baada ya miaka mingi. Tukichukua wanawake mia wakaendelea na dawa badala ya kuacha, kama watatu au wanne hivi ndio tunaowaepusha na ugonjwa kurudi. Na dawa nayo ina madhara yake. Mmoja au wawili kati ya hao mia inaweza kuwaletea saratani ya mji wa mimba. Wengine damu inaganda miguuni."

"Sasa mimi ni yupi katika hao mia?"

"Hakuna anayejua, mama."

"Basi niambie nifanye nini."

"Mimi nakushauri uendelee. Lakini mwili ni wako. Uamuzi ni wako."

Jamani! Mtu amesoma miaka yote ile, halafu anamuuliza mkulima wa alizeti! Rahabu alitamani agombezwe, aamrishwe, achapwe hata kiboko, kuliko kuachiwa jambo zito namna ile peke yake. Alirudi nyumbani na pakiti za miezi mitatu, akazisukuma chini kabisa ya gunia la mbegu.

"Ndiyo imekwisha?" Simeoni akamuuliza, uso wote unang'aa.

"Imekwisha," akajibu. Neno lilimtoka lenyewe. Angesemaje tena, na beberu yuko uani? Akionekana anameza, watu watasema ugonjwa umerudi, anaficha. Au watasema hana imani, anamshukuru Mungu huku ameshika vidonge. Basi akaacha.

Weee, siku zile! Mgongo ukiuma baada ya kupalilia, umerudi. Kikohozi cha vumbi, umeingia mapafuni. Alijipapasa kwapani jikoni, shambani, chooni, mpaka ngozi ikachubuka. Na lile joto, ambalo alidhani wataagana nalo, halikwenda popote. Aliogopa, akaogopa, akamwogopa hata Joyce akipiga simu kusalimia, kwa sababu sauti ya mtoto ilimliza.

Siku ya kumi na nne, Jumamosi, alisimama nyuma ya ghala akampigia Daktari Amne. "Mwanangu, niliacha. Wiki mbili. Nimejiua?"

"Hujajiua, mama. Kama umeamua kuendelea, anza leo. Na ukiona damu isiyo ya kawaida, au mguu ukivimba na kuuma, usisubiri kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo."

Hapo ndipo alipoamua. Si kwamba hofu ilimtoka, hata kidogo. Ila madhara ya kidonge angalau ameambiwa ayaangalie wapi. Hili lingine la kukaa na kusubiri hakuliweza. Akachomoa pakiti, akameza kimoja kwa maji ya mtungini, kisha akaenda kumweleza mumewe.

Simeoni alikuwa anamkatia beberu majani. Hakuinua kichwa hata alipomaliza kumweleza. "Watu wa Ulemo wameshafika," akasema. "Mimi nilishawaambia umepona." Akaendelea kukata majani.

Jumapili Mzee Gabrieli akamwita mbele. Rahabu alishika ukingo wa meza ya sadaka.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina!"

"Mmesomewa kwamba nimemaliza dawa. Sijamaliza. Daktari ameshauri niongeze miaka mitano mingine, nami nimekubali. Ugonjwa haujarudi. Ila unaweza kurudi, na dawa yenyewe inaweza kunidhuru, na hakuna wa kuniambia kwa hakika. Naogopa sana. Beberu mpokeeni kwa hii mitano niliyoishi. Hiyo mingine sijapewa bado."

Hakuna aliyesema amina. Mtu mmoja nyuma alinong'ona, "Imerudi hiyo," na Rahabu alisikia vizuri sana. Akarudi kwenye benchi lake.

Katika kanisa lile wanawake hukaa upande wa kushoto, wanaume kulia, na hakuna aliyewahi kuvuka. Simeoni aliinuka. Alipita mbele ya madhabahu na koti lake la Jumapili, akaja upande wa wanawake. Wakasogea, wengine midomo wazi. Akaketi kando ya mkewe, akaushika ule mkono wa kushoto unaovimba tangu apasuliwe.

"Mama Joyce," akasema kwa sauti ya chini, "pakiti niliziona tangu siku uliyorudi. Kila asubuhi nilikuwa naenda kwenye gunia kuangalia. Vidonge vilikuwa havipungui."

Akamwinamia karibu zaidi.

"Nikaogopa kukuuliza."