Aliyemtenga Mama Yangu Amekuja Nimtemee Maji

Admin, ficha jina langu na kijiji, mengine yaache kama yalivyo. Mimi ni bibi wa miaka sitini na minne, naishi Bariadi. Wengi wenu humu ni wa umri wa wajukuu zangu, lakini nisomeni, nina hasira niliyoibeba tangu Operesheni Vijiji.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu tulipohamishwa kutoka kwenye kaya zetu upande wa Maswa, tukapangwa nyumba kwa mistari, watu wote na ng'ombe wote tukinywa maji ya lambo moja. Masika ya kwanza tu watoto wakaanza kuharisha na kufa. Mama yangu, mjane, alijua dawa za watoto, akawa anaitwa. Lakini anaitwa lini? Mtoto akishalegea shingo, macho yamezama, ndipo mtu anakuja mbio, anamwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, njoo!" Hakuna aliyemwita mama kwa mtoto anayecheza.

Balozi wetu wa nyumba kumi, mwanaume mwenye mdomo huyo, akasimama mkutanoni. "Kwa fulani kaingia Jumatatu, Alhamisi tumezika. Kwa fulani kaingia asubuhi, jioni tumezika. Nyumba saba! Mnataka ushahidi gani tena?" Nikapayuka, "Na zile nyumba mbili za mwisho wa mstari ambazo hakuingia, mbona nazo zimezika?" Nilipigwa kofi nikaona nyota. Hizo mbili hakuzihesabu, wala hakuhesabu watoto waliopona mikononi mwa mama.

Tukatengwa. Kwetu Usukumani ukitengwa umekwisha: hupewi moto, husalimiwi, majini unachota wa mwisho, tope tupu. Kundi la palizi ya pamba lilifika kwenye mistari yetu likairuka kama haipo. Ujamaa wa kila mtu, isipokuwa sisi! Mama naye akafa kwa kuhara kama wale watoto, na hakuna mwanaume aliyeleta jembe. Kaburi tulichimba mimi na kaka yangu. Lilikuwa fupi, ikabidi tumkunje mama miguu.

Wakati wa kurudi tukakutana na balozi njiani. Nikamwambia, "Na wewe utazika mpaka uchoke." Ni hasira ya mtoto tu, jamani. Sikuwa na dawa yoyote, na sina mpaka leo.

Basi akazika kweli. Wanawe wawili, kisha wajukuu. Juzi kaja kwangu, mzee wa fimbo sasa, anavuta kondoo mweupe, kibuyu cha maji mkononi, akapiga magoti uani.

"Mayu, ulinilaani. Piga funda la maji haya unitemee, laana initoke, tuyamalize. Kitukuu changu anakwenda."

"Umempeleka hospitali?"

"Hospitali itaiweza laana yako?"

Sitawadanganya, nilifurahi. Nikaingia ndani, nikapika ugali, nikala nikashiba, yeye yuko juani na magoti yake. Nilipotoka nikamuuliza mtoto anaumwa nini. Macho ya njano, vidole vinavimba, analia mifupa. Mjukuu wangu yuko hivyo hivyo, ana seli mundu, ugonjwa wa damu ambao mtoto anaurithi kwa wazazi, na anahudhuria kliniki. Nina hakika huo ndio uliowamaliza watoto wa yule mzee, si mdomo wangu. Nikamweleza yote hayo. Akanitazama, akasema, "Usinizungushe, mayu. Wewe ulisema, nami nikazika. Tema tu."

Kichwa ni kile kile! Hajajifunza kitu!

Nusu yangu inataka aendelee kutetemeka hivyo hivyo mpaka kaburini, aonje alichomlisha mama. Nikitema, nimekiri kwamba mama alikuwa mchawi na mimi nimerithi, na yeye ataondoka ameshinda. Nikikataa, hampeleki mtoto popote, kaapa. Na nikienda mwenyewe kumbeba nimpeleke hospitali, akinifia njiani, mnajua watasema nini: kaingia, tumezika.

Kondoo bado yuko uani kwangu, kesho mzee anarudi kuchukua jibu. Msiniambie nimsamehe, hilo sikuliuliza. Mtoto ana miaka minne na hajamkosea mtu. Nishaurini, nifanye nini, na mnishauri upesi.