Kikombe cha Mstari wa Dhahabu

Siku ile inanijia, mwanangu, kila nikikuona unaifuta vumbi hiyo oveni yako mpya.

Ulikuwa hujatimiza mwaka. Nilikuwa napika Shinyanga mjini kwa Mama Salim, mama wa Kihindi mwenye duka la vitenge. Baba yako alikuwa machimboni Geita, aliondoka wewe ukiwa bado tumboni. Kitu pekee alichokutumia kilikuwa kikombe cha kauri, cheupe, chenye mstari wa dhahabu mdomoni. "Shika kikombe cha baba," nilikuwa nakwambia kila asubuhi, nawe ukicheka.

Mama Salim alikuwa na oveni ya kupasha chapchap, ya maikrowevu, ina mawimbi na ina feni ya kupuliza joto. Siku hiyo ulilia njaa, nikaona nisihangaike na vyombo viwili. Nikatia maziwa kwenye kikombe chako, nikafunga mlango, nikabonyeza. Mayu wane, mama yangu! Cheche ziliruka mdomoni mwa kikombe, ta-ta-ta! Nikaganda. Mama Salim akaja mbio, akachomoa waya ukutani.

Hakikupasuka, ila mstari uliungua upande mmoja. Nililia kweli kweli. Kingevunjika, baba yako ungemjulia wapi?

"Mama Milembe," Mama Salim aliniambia huku anahema, "dhahabu hata ikiwa nyembamba kama uzi, ni madini. Humu haiingii."

Nikanyakua kopo la plastiki. Akanishika mkono.

"Na hilo je? Feni hii inapuliza moto. Likilegea, mtoto anywe plastiki?"

Akanipa bakuli la kioo kinene, la oveni. "Pasha humu, koroga, dondoshea mkononi uone joto, ndipo ummiminie kwenye kikombe chake. Usilie, binti yangu. Kipo." Nikafanya hivyo tangu siku ile.

Baba yako aliporudi, ulimkimbia ukipiga mayowe. Kwa ndevu zile, nani asingelia? Alisimama mlangoni amenywea, mtu mzima machozi yanamlenga. Nikampa kikombe chenye maziwa. Akachuchumaa, akakusogezea. Ukakitazama kikombe, ukamtazama yeye, ukaja polepole. Ukanywea mkononi mwake.

Sasa nawe una mtoto njiani, na haraka zako nazijua, umezirithi kwangu. Chombo cha oveni hiyo, maana ni kama ile ya Mama Salim, kiwe kioo kinene kisicho na ufa, au kauri isiyo na nakshi ya kung'aa. Kigeuze usome chini. Kama hakikuandikwa kuwa kinafaa, kiache kabatini. Na bakuli lililotoka kwenye friji usiliingize hapo hapo, litapasuka.

Kikombe nimekufungia kwenye kanga, chukua. Doa la kuungua bado lipo. Mnyweshee mjukuu wangu humo, lakini maziwa uyapashe kwingine.

Mungu akulinde jikoni mwako, mwanangu, na mtoto wako akue akijua kuna watu walimpenda kabla hawajamwona.